Vidole vyangu kwenye taa ya Radhia

Goodness pokea simu. Basi usipokee, soma.

Nimeumbuka mbele ya mama yake Fabian. Tuko naye Karatu mjini, pamoja na Fabian, tukaingia duka la Radhia kununua sukari ya kwenda nayo kwao Endabash. Nikatoa elfu kumi. Radhia akaipitisha kwenye ile taa ya zambarau ya kukagua noti bandia.

Noti haina shida. Vidole vyangu vikawaka kijani.

KIJANI, Goodness. Ni ile glavu iliyotoboka maabara leo asubuhi. Na nilinawa, uliniona nikinawa.

Radhia akasema, "Noti ni halali. Mwenye noti ndiye sijui."

Nikamgeukia mama yake Fabian, nikaanza kujieleza kwa adabu. Mama, hizi ni chembe ndogo mno, tunaziingiza ndani ya seli ikiwa bado hai, zinang'aa, tunaona kinachoendelea humo.

"Seli ya nani?"

Ya ng'ombe, mama.

"Ng'ombe wa nani?"

Ng'ombe wa nani. Miaka yote niliyosoma, hakuna mtihani ulioniuliza hilo.

Na kumbuka tulishamwambia mama kwamba mimi na Fabian tumekuja na magari tofauti, tumekutana stendi, hatujashikana hata mkono. Sasa Fabian kwa wema wake akainama kaunta kubeba sukari. Kichwa kikapita chini ya taa.

Shingoni kwake, vidole vyangu vyote. Vya kijani.

Mama akaitazama shingo, akautazama mkono wangu, akauliza taratibu kabisa:

"Na huyu naye ni ng'ombe wa maabara?"