Gauni la Mama Linatoka Dogo

Mpendwa Mama Mhina,

Shikamoo. Nasoma majibu yako gazetini, nami nakuomba unisome hadi mwisho kwa sababu hapa kijijini sina wa kumwambia. Mimi tangu utotoni nilikuwa navika magunzi ya mahindi vitambaa, na nikimtazama mtu naiona nguo itakayomkaa, na tulipohamia kijiji cha ujamaa huku Mkata kikundi cha akina mama kikapata cherehani, basi nikashona hadi nikajulikana, na mwaka huu watu wa ushirika mmoja wa ushonaji wa Korogwe wakayaona magauni yangu kwenye maonyesho ya Saba Saba wakaniita niende niwe mbunifu wao wa mitindo, jambo nililolitamani maisha yangu yote.

Mama, tatizo ni mikono yangu. Nanyori, anayetuletea maziwa, alitaka gauni la kanisani, nikampima vizuri lakini likatoka pana tumboni, akacheka, "Dada, hili la mjamzito!" na hakuwa na mimba anayoijua, ila haikupita miezi mingi likamkaa sawasawa. Halafu mzee Mbaruku, seremala wetu mnene, suruali yake ikatoka nyembamba akanifokea, "Umempima nani wewe?" lakini akaanza kukonda, akaivaa, na sasa tumeshamzika. Tangu hapo wengine wananisalimia kwa mbali, na wengine wanakuja kwa siri bila kitambaa, wanataka niwapime tu niwaambie yatakayowapata.

Sasa mama yangu mzazi ameniomba gauni la Idi. Nimelikata, limetoka dogo. Nikapima upya, nikakata kitambaa kingine, likatoka dogo zaidi, na nilipomwonyesha huku nalia hakushangaa hata kidogo, alilishika tu akasema, "Malizia, mwanangu. Litanitosha."

Niache kushona? Niache Korogwe?

Chausiku,
Mkata, Handeni, Agosti 1976

Chausiku mwanangu,

Marahaba, na pole. Barua yako imenisisimua mwili, sikufichi. Mtu anayetazama miili ya watu tangu utoto huweza kuona inavyobadilika kabla wenyewe hawajajua, na mkono ukafuata jicho. Huenda ni hivyo. Huenda kuna zaidi. Hilo silijui na sitajifanya nalijua.

Lakini umenikera. Umekata vitambaa viwili, umeandika hadi gazetini, na mama yako mnayelala naye nyumba moja hujamuuliza, "Mama, unaumwa wapi?" Mwanamke anayeonyeshwa gauni dogo naye hashangai, huyo ana jambo analolijua. Nadhani anaumwa, na anakuficha ili usighairi kwenda Korogwe. Mnaoneana huruma, na ugonjwa, kama upo, unazidi kukaa.

Mzee Mbaruku hukumuua. Suruali haiui mtu. Hao wanaokuja bila kitambaa warudishe. Waambie wewe ni fundi, si mganga. Gauni usilimalizie sasa, hata mama akikusihi. Na Korogwe usiikatae: waandikie leo kwamba unauguza, wakusubiri. Kipaji ni chako, na ukikitupa hakuna mgonjwa atakayepona kwa sababu hiyo.

Kesho asubuhi usiguse cherehani. Mshike mama mkono, mpande basi la kwanza kwenda hospitali Handeni. Akisema hana nguvu za kufika barabarani, mbebe.