Kwa Baba, Siku Tanuri la Pongwe Lilipofunguliwa

Mpendwa baba,

Ninakusomea barua hii mbele ya majirani, hapa machimboni kando ya Pongwe, mahali ulipovunja mawe na kuyachoma yawe chokaa hadi ujana ukakuishia. Mashimo yamejaa maji ya mvua na matete. Vibanda vya wenzako, waliotoka Usambara, Bondei na mbali zaidi, vimebaki misingi. Katika matanuri yote limesalia moja, lile lako.

Unakumbuka jioni ulivyorudi mweupe tangu nyusi hadi kandambili? Mama alikupokea mlangoni: "Karibu, mzungu. Umepotea njia, au umekuja kuoa?"

Nawe ukamjibu, "Nimekuja kula."

Mimi nilikimbilia chupa ya mafuta ya nazi. "Mafuta kwanza, maji baadaye," ulinihimiza kila mara, maana vumbi la chokaa likikutana na maji huunguza ngozi. Nilikupangusa kidole kimoja kimoja, nikidhani kila baba duniani husafishwa hivyo.

Mwezi uliopita kijiji kilitaka kulibomoa tanuri ili mawe yake yauzwe. Nikasimama mkutanoni kuomba liwashwe mara moja tu, kwa kuwa mafundi wanaokarabati nyumba kongwe za Pangani wanatafuta chokaa. Bi Zaina, jirani yetu, akaniuliza, "Mwanangu, nani bado anajua kulichochea?" Mzee Shekue, mwenzako wa zamani tanurini, ndiye aliyesema: "Tujaribu. Likishindwa, nyundo nitaishika mwenyewe."

Tukalipanga mawe, tukalichochea, tukaliacha lipoe; leo asubuhi tumelifungua. Mzee Shekue alitoa jiwe moja, akaliweka kwenye karai, akalimwagia maji kuona kama limeiva kuwa chokaa. Jiwe likanyamaza. Bi Zaina akasema taratibu, "Haya, nyundo iko wapi?"

Ndipo jiwe likapasuka, likafuka mvuke, likachemka bila moto mpaka likawa unga laini. Watu walicheka, baba, na wengine wakafuta machozi wakisingizia vumbi.

Tanuri halibomolewi tena. Wanaopakua chokaa sasa hivi wamekuwa weupe kama ulivyokuwa wewe, nao wanaulizia maji ya kunawa. Nimewaomba wasubiri. Chupa ya mafuta ninayo mkononi.

Pumzika kwa amani, baba. Ninakwenda kuwapangusa.

Binti yako