Spika za Masanja

Jumatatu, 2 Februari
Nyumba kumi na moja leo, kwa miguu. Kisigino kimepasuka. Kila mlango shikamoo Mwalimu, marahaba, kiti, halafu wanangoja. Nawaeleza habari ya kisima: mwalo wa Masanja, pale wanapooshea dhahabu, unatiririsha maji yenye zebaki hadi kwetu. Nikipata udiwani kwenye uchaguzi huu mdogo, kazi yangu ya kwanza ni kuuhamisha. Wanakubali kabisa. Halafu wanatazama mkoba wangu.
Umestaafu ualimu ili upumzike, mwanamke wewe. Ona sasa.

Alhamisi, 5 Februari
Mpinzani wangu ana gari, spika, fulana. Mimi nina sauti, nayo imekauka. Chama kinapata ruzuku, lakini huku Nyarugusu sijasikia hata harufu yake.
Masanja amekuja mwenyewe. Amekaa kwa adabu, amekunywa uji. Anataka kunisaidia spika na mafuta ya pikipiki. Mwenye mwalo! Nasikia gari la mpinzani nalo ni lake. Nimekataa. Nimejisikia vizuri kwa kama saa moja hivi.

Jumapili, 8 Februari
Mkutano uwanja wa mnada. Watu wachache, wengi wachimbaji, kwa hiyo nikatumia mfano wa duara, shimo lao la dhahabu. Anayewalisha wachimbaji na kununua magogo ya kuzuia kifusi shimoni ndiye anayechagua mifuko ya mawe kwanza. Uchaguzi nao ni hivyo hivyo. Basi serikali itulipie kampeni wagombea wote sawasawa, na fedha ya mtu binafsi ipigwe marufuku. Mfadhili awe wananchi wote, na wananchi ndio wachague mifuko. Nilidhani nimemaliza kila kitu.
Holo, jirani yangu, akasimama. "Mwalimu, zahanati haina hata pamba. Kodi yetu ikakununulie wewe spika?"
Uwanja mzima ulicheka. Nami nikacheka, kwa aibu. Jibu nimelipata nyumbani nikichambua mchicha: kampeni tutailipia tu, kama si kwa kodi basi kwa kisima. Nimechelewa. Hasira tupu.

Jumanne, 10 Februari
Nimechoka. Nimezichukua spika.
Nilimwambia Masanja wazi kwamba msaada huu hauna masharti. Akasema, "Sijakuomba kitu, Mwalimu." Kweli, hakuomba.

Jumatatu, 16 Februari
Nimeshinda. Vigelegele hadi mlangoni. Wamenibeba juu juu, umri huu! Sikufurahi kama nilivyotarajia. Nimelala mchana kutwa.

Jumatano, 25 Februari
Kikao changu cha kwanza cha halmashauri. Hoja ya mwalo nimeipeleka mwenyewe, niliiandika kwa mkono wangu. Zamu yangu ikafika, nikasimama. Hakuna aliyenipigia simu. Hakuna aliyenitisha. Masanja hakuwepo hata kwenye jengo. Nikajikuta nasema suala hili ni nyeti, kamati ilifanyie utafiti kwanza. Madiwani wenzangu wakapiga meza. Mmoja akaniambia nina busara ya kiongozi.
Njia nzima ya kurudi nilikuwa natafuta nani wa kumlaumu. Najidharau.

Alhamisi, 26 Februari
Manyunyu asubuhi. Nimefua.
Holo amepita kuuliza mwalo unahama lini, maana wajukuu wake wameanza tena kuumwa tumbo. Nimemwambia tumeunda kamati. Ameshukuru, amejitwisha ndoo, amekwenda kisimani.