Balbu ya Pini

Jumatano usiku, Kitengela, 2003

Wewe Mwikali binti yangu, tangu Krismasi hujakanyaga hapa, halafu unatuma watu waniambie nihamie kwako Kimuka, eti mama mzee anakaa gizani. Nani anakaa gizani?

Ile balbu uliniletea ni ya skuru, ya kuzungushwa kama kifuniko cha chupa, na holda ya sebuleni, pale balbu inapoingia, ni ya pini. Haingeingia hata ungeiombea. Leo nimebeba ile ya sebuleni iliyoungua mpaka dukani. Mwenye duka akasema, "Shosho, ngoja fundi akuje akuwekee."

"Nipe yenye pini mbili kwa shingo kama hii. Fundi abaki huko."

Nikazima swichi, nikapanda kiti, nikaibonyeza juu na kuizungusha kidogo. Ikashika. Nilishuka nikishika ukuta, sitaficha. Ningeanguka, nani angejua...

Yako ya skuru nimeiweka nje mlangoni, holda ya huko ni ya skuru. Malori ya mawe yakipita inalegea, naikaza tena. Ya pini haitikisiki.

Sihami. Ukija, wacha magunia ya kubebea vyombo vyangu. Leta balbu moja ya pini ya akiba, na nguo yako ya kulala.