Siku Niliyomkagua Nesi Mikono

Mwalimu Skola,

Shikamoo. Najua marehemu haamkiwi, lakini uliwahi kuninunia saa nne nzima nilipoisahau, na sitaki kujaribu tena.

Tuliporudi kwenye mashine za kusafisha damu baada ya kukuzika, hakuna aliyetaka kulalia kitanda chako cha dirishani. Wakanipa mimi. Nililala nimegeukia ukutani, nikamwambia kila aliyeuliza kwamba dawa ya kusafishia inaniwasha macho.

Unakumbuka nilivyofika kutoka Namtumbo, mkulima wa tumbaku mwenye mpira wa kusafishia damu uliotokeza kifuani? Niliuficha kwa kanzu, koti na shuka juu yake. Ukaniuliza, "Rashidi, umeiba nini?" Halafu ukavuta kola yako ukanionyesha wa kwako, wodi nzima ikitazama. Ukanifundisha: usiuloweshe, usiuvute, usiulalie, na asiuguse mtu ambaye hajanawa. Hilo la mwisho ulilisimamia mwenyewe. Baada ya miaka yote ya kukagua kucha za watoto wa darasa la kwanza, ukahamia kwa manesi. "Lete mikono. Geuza." Na wao wakageuza! Mimi nilikuwa nacheka tu.

Ulipoondoka, nikawa nanyamaza. Mimi niliyefukuza nguruwe pori shambani kwa jembe, namwogopa nesi. Kisha nikapata homa, nikatetemeka mpaka kitanda kikawa kinalia. Daktari akasema vijidudu vimeingia kwa njia ya mpira. Sijui nani aliviingiza. Huenda ni mimi mwenyewe, nilikuwa najikuna. Nilichomwa sindano siku nyingi, mke wangu Amina amekaa pembeni hasemi neno, na unamjua Amina, akikaa kimya ujue hali ni mbaya.

Sasa sikiliza ya Jumatatu. Nesi Hilda alikuja kuniunganisha na mashine. Simu yake ikaita. Akavua glavu, akapokea, akauliza kama mahindi yamefika kutoka Madaba, akairudisha mfukoni, akavaa glavu nyingine bila kunawa. Akaukaribia mpira wangu. Nilikusudia kusema kwa upole, "Samahani, dada." Kilichotoka ni:

"Mikono juu!"

Wodi nzima ikanyoosha mikono. Wagonjwa wote. Mama wa usafi na ufagio wake. Daktari aliyekuwa anapita mlangoni, naye. Mzee Haule aliyekuwa amelala fofofo alizinduka, akanyoosha mkono usio na sindano, akasema, "Si mimi, jamani!"

Mimi mwenyewe nilikuwa nimenyoosha.

Sikujua nifanye nini baada ya hapo. Nikasema kwa sauti ndogo sana, "Hujanawa, dada."

Hilda akatazama mikono yake. Nikajua leo nimekwisha. Lakini alicheka, akacheka mpaka akashika ukingo wa kitanda, kisha akaenda kunawa kwa sabuni, polepole, kila kidole. Akarudi akaniwekea mikono mbele ya uso, akaigeuza pande zote mbili.

"Mwalimu Skola yupo humu bado," akasema.

Hapo nikalia. Wakadhani mpira unauma, wakaja watatu kunipima presha.

Nina habari nyingine. Mwezi ujao nakwenda Dodoma kutengenezewa mshipa wa mkononi wa kuunganishia mashine. Ukikomaa, mpira huu utatolewa. Najua wewe uliusubiri mshipa huo, na moyo wako mgonjwa haukukuruhusu kupasuliwa. Uliniambia siku moja kwamba ungependa kitu kimoja tu, kujimwagia maji kuanzia utosini kama mtu, badala ya kujifuta na kitambaa.

Niombee kwa namna yenu, na mimi nakuombea kwa namna yetu.

Pumzika, Mwalimu. Daktari akiniruhusu kuoga, nitajaza ndoo mbili, ya kwangu na ya kwako. Nitajimwagia zote mimi, na Amina akigonga mlango kuniuliza kwa nini nakawia, nitamwambia tuko wawili.

Rashidi wako