Tumbo la Komanda

Jumatatu, 9 Juni
Nimekuwa kijijini Sange tangu asubuhi, chanjo ya ng'ombe. Vumbi hadi kwenye meno. Kurudi Uvira nimekuta Komanda, mbwa wa Mama, ametapika tena mlangoni. Juma lililopita alikuwa anachechemea, sasa hata ndagala, visamaki anavyovipenda, hagusi. Mama amekaa naye chini. Tangu Baba afariki, huyu ndiye anayemsindikiza kanisani na kumngojea nje. Nimempa Komanda dawa ya minyoo. Nimechoka.

Jumatano, 11 Juni
Si minyoo. Kinyesi cheusi kama lami, kinanata. Fizi zimepauka. Nikigusa tumbo anajikunja. Damu inavuja ndani. Nadhani ni vidonda vya tumbo. Nadhani tu: kamera ya kuchungulia tumboni hapa haipo, na hospitali ya watu imekataa kumweka mbwa kwenye ekografi, mashine yao ya picha za tumbo. Nimemuuliza Mama kama alimpa dawa yoyote. Akasema hapana, akaingia kupika bugali.

Alhamisi, 12 Juni
Omeprazole, dawa ya vidonda ya watu, ya farmasi. Serumu, maji ya mshipani, mguuni. Uji wa mchele, kidogo kidogo.

Ijumaa, 13 Juni
Amesimama. Amekunywa uji, mkia umetikisika. Mama ananitania: kumbe veterineri wa ng'ombe anaweza na mbwa. Nimefurahi kama mjinga.

Jumapili, 15 Juni
Kinyesi cheusi tena. Ametapika damu. Sielewi. Dawa ileile, uji uleule. Nimemfokea Mama eti uji ulikuwa wa moto. Sikumtendea haki. Nina hasira na sina wa kumkasirikia.

Jumatatu, 16 Juni
Nimeingia jikoni ghafla. Mama alikuwa amevunja kidonge chake cha magoti. Nusu alikuwa ameshameza. Nusu anaifinyanga ndani ya tonge la bugali, la Komanda. Kidonge cha maumivu. Ndicho kinachotoboa tumbo la mbwa.

Kwetu dawa inagawanywa kama chumvi. Goti la jirani likiuma, Mama anavunja chake. Mwaka jana tuligombana sana juu ya hilo. Ndiyo maana alinificha.

"Mguu ulikuwa unamuuma," akasema. "Miye nimeze peke yangu, yeye ananiangalia tu?"

Nimemnyang'anya tonge, nimelitupa chooni. Nilitaka kumwambia kwamba kidonge hicho ndicho kinachomuua. Alikuwa ameshainama kumpangusa Komanda mdomo. Nimeshindwa. Komanda hainui tena kichwa, na damu ya kumwongezea nitaitoa wapi.

Jumanne, 17 Juni
Amekufa asubuhi, kichwa juu ya kitenge cha Mama. Tumemzika nyuma ya nyumba. Sikwenda kazini.

Mama hakulia. Mchana, akiosha sahani, akasema bila kunitazama:

"Nusu ilikuwa kidogo. Kama ningemupatia kizima, angepona."

Nilichukua kitambaa. Nikafuta sahani moja, nikafuta nyingine.