Nyama Niliyokula kwa Mzee Gidahosh

Farida, nimetoka kwa mzee Gidahosh sasa hivi. Nina hasira mno!!

Si nilienda kumwombea binti yake, Udamara, aende fomu wani? Unajua alivyofaulu yule mtoto.

Mzee akanipokea vizuri, akanikalisha na wageni wake, nikapewa nyama. Nikala, dada! Nikasema moyoni, leo mzee kalainika.

Kumbe wale wageni wamekuja kumposa Udamara. KUMPOSA! Na mimi nimekaa pale natafuna nyama ya posa yake!

Nikaanza kupinga. Mzee akacheka: "Mwalimu, umeshakula na sisi. Umeshakubali."

Umeshakubali!! Mimi!

Halafu Udamara mwenyewe akaja kuninawisha mikono. Akaninong'oneza: "Mwalimu, nilipokuona unaingia, nilijua nimepona."